Mzizi wa Mwizi

Ketill Hallsson wa Melar alikuwa mpole kupita kiasi. Hakuwa akimnyoa kondoo kabla hajamwomba radhi, na akishamaliza humwambia, "Umependeza," hata kama kamwacha na mistari kama shamba lililolimwa na mlevi. Alitimiza miaka hamsini na ushei bila kugombana na mtu, bila kuoa, na bila kumkatiza maneno dada yake Sesselja hata siku moja. Hilo la mwisho si sifa yake peke yake. Maneno ya Sesselja yalitiririka kama mto wa bondeni theluji inapoyeyuka; hapakuwa na pa kuweka jiwe la kuvukia.

Waliishi wawili tu. Baba yao alipofariki aliwaachia nyumba ya bati, kondoo, farasi wazee, na nyuma ya nyumba kilima kizima cha kokoto kilichokataa kuotesha chochote isipokuwa jua la kokoto. Ua hilo ukitaka kulitazama vizuri sharti ulale kifudifudi. Halinyanyuki. Limekumbatia mawe kama mtoto mgongoni mwa mamaye, kwa sababu upepo wa kule ukikuta kitu kimesimama hukiuliza kinasimamia nini. Lakini mwezi wa sita ukifika, kokoto zote hufunikwa na vikombe vyeupe vyenye moyo wa njano, na kilima kisicho na faida kikapendeza kuliko shamba la nyasi la mtu yeyote. Kwale wa theluji hula majani yake mabichi. Sesselja aliyachemsha yakawa chai ya tumbo, akamlazimisha Ketill ainywe hata tumbo likiwa zima.

Kwa Ketill mwenyewe baba aliacha kitu kimoja cha ziada, pembe ya ugoro. Ilikuwa pembe ya ng'ombe, nyeusi, imelainika kwa kushikwa na mababu, na kifuniko chake kilikuwa cha fedha safi. Ketill aliibeba kila aendako. Akifurahi hunusa, akihuzunika hunusa, asipojua kama kafurahi au kahuzunika hunusa mara mbili. Kisha hupiga chafya ambayo majirani wa ng'ambo ya mto waliisikia na kumtakia afya. Leso za Ketill, Sesselja alizifua akizishika kwa koleo.

Vuli moja, wakati wa kushusha kondoo kutoka milimani, pembe ikapotea. Ketill alirudi nyumbani na kondoo wote, na mbwa, na hata kondoo wawili wa watu, ila pembe hana. Akapapasa mifuko, akavua koti, akalikung'uta, akalivaa, akalivua tena. Hola.

"Pembe ya baba!" Sesselja alisema asubuhi. "Pembe ya baba!" alisema mchana akimpakulia samaki mkavu na siagi. "Imepita mifuko ya wanaume wote wa Melar, walevi, vichaa, hata yule aliyezama mtoni akaibuka nayo mkononi, ije ipotee kwako wewe, mtu mzima, hata hujalewa!"

"Samahani, dada."

"Samahani hainusiki!"

Jirani yao Finnbogi wa Hóll alimletea ugoro kidogo kwenye kasha la kiberiti. Ketill akaukataa kwa heshima. Kunusa ugoro kutoka kwenye kiberiti, alisema, ni kama kunywa kahawa kwenye kiatu. Basi majira yote ya baridi hakunusa. Alitembea ameinamisha kichwa, macho chini, kama kuku anayetafuta punje.

Theluji ikaondoka, kondoo wakazaa. Siku moja Ketill na Finnbogi walikuwa wakiwatia wanakondoo alama za masikio. Huyu Finnbogi hakuwa mwongo kwa ubaya. Ni kwamba ukweli ulimpitia mbali, kama meli ipitavyo kisiwa kisicho na gati.

"Wewe una dawa nyuma ya nyumba yako na huijui," Finnbogi akaanza. "Mzizi wa jua la kokoto. Wazee waliuita mzizi wa mwizi. Huota mahali aliponyongwa mwizi, povu la mdomo wake likadondoka chini."

"Kwetu hajanyongwa mtu."

"Umejuaje? Ulikuwepo?"

Ketill akakubali kwamba hakuwepo.

"Ukiuchimba," Finnbogi akaendelea, "ukauweka pamoja na sarafu, huvuta fedha yote iliyo karibu, kama sumaku. Ila sarafu yenyewe iwe ya wizi. Na si wizi wa ovyo ovyo. Uiibe kwa mjane maskini, kanisani, siku ya sikukuu kubwa, baada ya kusomwa Waraka na kabla ya kusomwa Injili."

Ketill akamwachia mwanakondoo bila kumtia alama. "Kwa nini mjane?"

"Masharti sikuyaweka mimi."

"Na kwa nini maskini?"

"Kwa sababu ukimwibia tajiri hata yeye hajui. Wizi gani huo?"

"Kifuniko cha pembe ya baba ni cha fedha," Ketill akasema polepole.

"Si ndiyo nakwambia."

"Na Jumapili ni Pentekoste."

"Basi fanya hima, ndugu yangu," akasema Finnbogi, na kufikia wakati wa kahawa alikuwa ameshasahau aliyoyasema.

Ketill hakusahau. Lakini palikuwa na tatizo. Mtaa ule wa kanisa ulikuwa na mjane mmoja tu, Oddný wa Bakki, na Oddný alikuwa maskini kama bahari ilivyo kavu. Trekta ya kwanza kuingia bondeni ilikuwa yake. Kondoo wake walijaa mlimani mpaka wageni walidhani theluji imechelewa kuyeyuka. Ketill akawaza huku akikamua ng'ombe. Oddný hana mume. Asiye na kitu fulani ana upungufu. Mwenye upungufu ni maskini. Akaona amehukumu kesi kama hakimu, akafurahi, akatia mkono mfukoni kutafuta pembe anuse, akakumbuka.

Wizi alijizoeza nyumbani. Aliiba kijiko cha Sesselja mezani, akakirudisha kabla hakijapoa.

Siku ya Pentekoste Sesselja alibaki na ng'ombe aliyekuwa anakaribia kuzaa. Ketill akapanda kilimani mapema, akachimba mzizi. Ulikuwa mgumu kama kamba ya meli, ukakataa, akauomba radhi, ukatoka. Akautia mfukoni na udongo wake, akapanda farasi kwenda kanisani.

Kila mtu alijua mahali pa Ketill kanisani. Ni nyuma, karibu na jiko la makaa, ambako angeweza kupiga chafya bila kuzima mishumaa. Siku hiyo alipita jiko, akapita viti vyote, akaketi mbele ubavuni mwa Oddný. Shingo za waumini zikanyooka kama za mabata bukini walioona mbweha.

"Bibi Oddný."

"Ketill wangu. Jiko limeharibika?"

"Hapana."

"Basi karibu," akasema Oddný, akasogea kumpisha. Alikuwa mwanamke mpana, mwekundu wa mashavu, na koti lake lilikuwa na mfuko uliokaa wazi upande wa Ketill kama mdomo wa chewa.

Mchungaji Eyvindur akasoma Waraka, akamaliza. Kwaya, yaani wanawake watatu na Finnbogi, ikaanza wimbo. Ketill akafumba macho, akamwomba Mungu atazame upande mwingine kidogo, akatumbukiza mkono.

Kwanza alikutana na kamba ya kufungia wanakondoo. Kisha andazi la kusokotwa. Kisha kitu laini cha sufu chenye mdomo. Huu ndio mkoba wa fedha, akajisemea, akapenyeza vidole mpaka vikatokea upande wa pili. Haukuwa mkoba. Ilikuwa soksi, imefumwa nusu, ingali kwenye sindano zake, maana Oddný, kama wanawake wote wa bonde lile, alikuwa haendi popote bila kazi ya mkono. Ketill akavuta. Sindano zikageuka, zikaziba njia kama makomeo. Akavuta tena. Uzi ukamzunguka kidole gumba.

Wimbo ukaisha. "Tusimame kwa ajili ya Injili Takatifu," akasema Mchungaji.

Kanisa zima likasimama. Oddný akasimama. Mfuko wa Oddný ukasimama naye. Ketill hakuwa na hiari, akasimama pia, amepinda upande mmoja kama nguzo ya simu baada ya dhoruba. Siku za mwizi ni arobaini. Za Ketill hazikumaliza hata ibada moja.

Oddný akatazama chini. Akauona mkono uliozama mfukoni mwake, akaufuata kwa macho mpaka begani, kutoka begani mpaka usoni, na usoni akakuta jasho.

"Ketill wangu," akanong'ona, na minong'ono ya Oddný ilizoea kuita kondoo ng'ambo ya mto, "hiyo saizi yako kweli?"

Akaushika mkono, akautoa. Ukatoka umevaa soksi, sindano zimechomoza kila upande kama nungunungu, na uzi wake ungali mfukoni. Mchungaji Eyvindur, ambaye hakuwa akiona mbali, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaona vilevile.

"Kuna... jambo?"

"Hakuna, Mchungaji," Oddný akajibu. "Tunapima soksi. Endelea na Injili."

Injili ikasomwa. Mpaka leo hakuna aliyehudhuria anayeweza kukwambia ilihusu nini.

Nje ya kanisa watu walimzunguka Ketill wakimshika mkono wa heri, ule usio na soksi. Hakujua wanampongeza kwa lipi, akasema ahsante kwa wote. Oddný akakata uzi kwa meno. "Usivute," akamwambia. "Ukivuta itafumuka yote, na hiyo ni kazi yangu ya tangu Pasaka. Nenda nayo taratibu. Utaniletea."

Bonde zima lilitumia waya mmoja wa simu. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake, lakini kengele ililia kwa wote, na wote waliinua. Farasi wa Ketill alikuwa mzee na habari zilikuwa changa. Alipofika Melar, Sesselja alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Umemchumbia Oddný kanisani!"

"Sijamchumbia mtu, dada."

"Hiyo nini mkononi?"

"Soksi."

"Ya nani?"

"Kwa kweli sikuuliza."

"Mwanamke kakuvisha soksi mbele ya Injili, bonde zima limeona, unaniambia hujachumbia! Na mimi nimekaa hapa nashika mkia wa ng'ombe!"

Simu ikalia mlio wa Melar. Ketill akainua kwa mkono mzima. Kwenye waya zilisikika pumzi nyingi, kikohozi kimoja, na saa ya ukutani ya mtu ikigonga.

"Ketill? Oddný hapa. Soksi yangu i salama?"

"I salama, Bibi Oddný. Sijavuta."

"Vizuri. Niletee kesho. Nitapika chapati za maji."

"Mpelekee na pete!" ikasema sauti nyingine.

"Finnbogi, weka simu chini," Oddný akasema.

"Sipo," akasema Finnbogi.

Usiku huo Sesselja aliitoa soksi kwa uvumilivu ambao hakuwahi kumwonyesha binadamu, sindano moja moja, na kesho yake Ketill akaipeleka Bakki, imekunjwa ndani ya leso nyeupe. Alikuwa ameazimia kusema kweli. Alisubiri mpaka chapati ya kwanza, akashindwa. Akasubiri mpaka ya pili. Chapati zilikuwa nyembamba, zimekunjwa na sukari, na zilikuwa zinakaribia kuisha kabla ya ujasiri kuanza.

"Bibi Oddný, mimi ni mwizi."

"Soksi si umerudisha?"

"Sikutaka soksi. Nilitaka sarafu." Akamweleza yote, pembe, mzizi, Waraka na Injili, Finnbogi. Oddný alimsikiliza akikoroga kahawa, hakukasirika, mpaka Ketill alipofika kwenye sharti la mjane maskini. Hapo kijiko kikasimama.

"Mjane nini?"

"Maskini," akasema Ketill, sauti ikififia.

"Mimi?"

"Finnbogi ndiye..."

"Inuka! Inuka tukaone huo umaskini!"

Akamshika mkono wa koti, akamtoa nje. Akamsimamisha mbele ya trekta. "Hii nini?"

"Trekta."

"Ya maskini?"

"Hapana, Bibi."

Akamwingiza kwenye kibanda cha moshi, mapaja ya kondoo yananing'inia kama popo. "Nusa! Maskini hunuka hivi?" Ketill akanusa, akasema hapana, maskini hawanuki hivi. Akamwonyesha mapipa ya maziwa mgando, ghala la nyasi, kondoo dume aliyepata tuzo, ambaye alimtazama Ketill kwa dharau kana kwamba naye kasikia. Walipozunguka kila kitu, wakarudi ndani, wakakaa. Oddný alihema.

"Na mimi nilidhani," akasema kwa sauti ndogo ambayo Ketill hakujua kama anayo, "nilidhani siku hizi ndivyo watu wanavyochumbia."

Ketill aliona masikio ya Oddný yamekuwa mekundu. "Sijui wanavyochumbia," akasema. "Sijawahi."

"Marehemu aliniuliza kama naweza kukata nyasi kwa fyekeo. Nikamwambia naweza. Ikaishia hapo." Oddný akapangusa makombo mezani kwa kiganja. "Haya, tuyaache. Pembe ya baba ni pembe ya baba. Tutaiba."

Akatoa sarafu ya krona, akaiweka katikati ya meza. Akageuka kutazama dirishani. "Iba."

Ketill akanyoosha mkono. "Naomba niichukue," akasema.

"Mwizi haombi, Ketill!"

"Samahani."

"Wala hasemi samahani! Haya tena." Akageuka. Alipotazama tena, sarafu ilikuwa palepale, na Ketill ameketi amekalia mikono yake.

"Nini tena?"

"Nikifikiria kwamba ni yako..."

"Ndiyo maana inaitwa kuiba! Ungekuwa na shida gani kama ingekuwa yako?" Oddný akaichukua sarafu kwa hasira, akamsokomezea mfukoni. "Ukiulizwa, umeiba."

"Lakini sikui..."

"Umeiba!"

"Nimeiba," akasema Ketill, akaona haya kwelikweli.

Wakapanda trekta, Oddný kwenye usukani, Ketill ameng'ang'ania nyuma, wakaenda moja kwa moja mpaka kilima cha kokoto cha Melar. Jua lilikuwa kali, kilima cheupe tupu kwa maua. Ketill akaweka mzizi chini, akaweka sarafu juu yake, wakalala kifudifudi pande mbili wakatazama kama fedha inakuja.

Haikuja. Alikuja nzi, akatua kwenye sarafu, akaondoka.

"Hebu tazama," Oddný akasema baada ya muda. Kidevu chake kilikuwa juu ya mawe matupu na alikuwa haongei na Ketill, anaongea na maua. "Yote yametazama upande mmoja. Yanalifuata jua, yanageuza vichwa. Nimezaliwa hapa sijawahi kuona."

"Hukuwahi kulala," akasema Ketill.

"Nani ana nafasi ya kulala kwenye kokoto?"

Upepo ulipita juu yao bila kuwagusa, maana chini pale, kwenye kimo cha maua, hakuna upepo. Kuna joto kama chini ya kuku. Ketill akavuta pumzi. Akavuta tena, akageuza kichwa.

"Unanukia," akasema.

"Nanukia nini?"

"Iliki."

"Ni ya maandazi. Naipondaponda kila siku."

"Miaka yote hii bonde moja, sikujua kwamba unanukia iliki."

"Ungejulia wapi, na pua imezibwa na ugoro tangu utotoni?"

Ketill alilala pale akinusa, na ilikuwa mara ya kwanza kwake kunusa bila kuwa na kitu puani.

Kumbe ng'ambo ya mto Finnbogi alikuwa ameshika darubini. Alipiga simu, na kwa kuwa simu ililia kwa wote, aliwaambia wote: "Wamelala kilimani! Wawili! Hawasogei!" Dakika si nyingi Ketill na Oddný wakasikia kwato. Sesselja alikuja juu ya farasi bila tandiko, aproni inapepea, kitambaa kimemtoka kichwani.

"Kama unaoa, oa!" alianza akiwa bado mbali. "Nani kakukataza? Lakini mchana kweupe, juu ya chai yangu ya tumbo, watu wa Hóll wote wanaangalia kwa darubini! Oa, uhame, na uchafu wako wote uhame nao, usiniachie hata chembe!" Akatia mkono kwenye aproni, akachomoa kitu, akakitupa. Kikadunda kwenye kokoto, kikabiringika katikati ya maua, kikasimama kando ya mzizi. Kifuniko cha fedha kikametameta.

Watu watatu na farasi wakaitazama pembe ya ugoro.

Sesselja akajiziba mdomo. Tangu azaliwe ilikuwa mara ya kwanza maneno kumwishia, na hayakukawia kurudi. "Ilikuwa kwenye bitana ya koti lako. Niliikuta nikishona, siku za Krismasi. Nilitaka kukupa, Ketill, haki ya Mungu nilitaka. Halafu nikaziangalia leso. Zimekuwa nyeupe! Nimelala nyumba haitetemeki kwa chafya! Wewe ungeirudisha?"

"Na zile kelele zote za pembe ya baba?" Oddný akauliza.

"Ningenyamaza angeshuku."

Ketill hakusikia hata neno. Alikuwa amepiga magoti, macho yamemtoka, anautazama mzizi. "Imekuja," akasema. "Mmeona? Imekuja yenyewe."

"Nimeileta mimi!" Sesselja akafoka.

"Na wewe nani kakuvuta?"

Farasi akaanza kula jua la kokoto, hakuna aliyemzuia.

Ketill akafungua kifuniko, akamimina ugoro nyuma ya kiganja, akanusa kwa nguvu kama mtu anayerudi nyumbani kutoka safari ndefu. Chafya aliyoipiga ilimwinua Finnbogi kwenye kiti huko ng'ambo. Akapangusa macho, akamgeukia Oddný, akavuta pumzi. Akavuta tena. Uso ukamwanguka.

"Imeondoka," akasema.

"Nini?"

"Iliki."

Akafunga pembe. Oddný akajikung'uta kokoto magotini, akasimama, kiuno kikalia. "Basi," akasema, "unaniuliza au huniulizi?"

"Nikuulize nini?"

"Kama naweza kukata nyasi kwa fyekeo."

Ketill akafikiri. "Unaweza?"

"Nina trekta."

"Inatosha," akasema Ketill.

Walifunga ndoa mwisho wa kiangazi. Mchungaji Eyvindur alikuwa na miwani mipya, na Ketill aliambiwa aweke mikono mahali inapoonekana. Akahamia Bakki. Pembe ikaning'inizwa juu ya jiko, na Oddný akaitia iliki, maana kifuniko cha fedha hakipitishi unyevu. Kuhusu mzizi, hakuna aliyeweza kumbadilisha Ketill mawazo. Ukimweleza kwamba pembe ililetwa na Sesselja, alikusikiliza kwa adabu, akakuacha umalize, kisha akakuuliza mtu ambaye hajawahi kupanda farasi bila tandiko siku hiyo alipandia nini.

Sesselja alifurahia kimya cha Melar kwa muda mfupi tu. Leso zilikuwa nyeupe, shuka nyeupe, na hakuna mtu wa kuambiwa. Akaanza kupiga simu Bakki kila asubuhi kumweleza Ketill makosa yake, ya zamani na yale ambayo pengine anayafanya sasa hivi. Bonde zima liliinua kusikiliza, na wengine walikuwa wakijibu kwa niaba yake.

Ketill hakupata kuwa mkali hata baada ya kuoa. Mwaka mmoja, wakati wa kukausha nyasi, alipita kilimani akitafuta kondoo, akamkuta mgeni wa mbali huko kusini, kijana mrefu mwenye suruali fupi, amelala kifudifudi kwenye kokoto, hasogei. Ketill alimfunika koti usoni kwa heshima, akakimbia Bakki.

"Oddný! Kuna maiti kilimani!"

"Ya nani?"

"Sikuuliza!"

Wakaenda na trekta na ubao. Walipomwinua, maiti ikapiga kelele, ikawaonyesha kamera. Alikuwa anapiga picha maua. Ketill akamwomba radhi, kisha akamwomba tena kwa ishara. Lakini Oddný alikuwa ameshaona miguu yake, myembamba, imegeuka buluu kwa baridi, akasema hata kama hajafa yuko njiani, wakamfunga kwenye ubao vilevile wakampeleka nyumbani.

Walimlisha paja la moshi, wakamlisha maziwa mgando na krimu, chapati, na maandazi. Kila alipotikisa kichwa Oddný alielewa kwamba anataka zaidi. Ketill akamvalisha soksi zake mwenyewe, akamwambia amependeza. Nyasi zilikuwa zimelala nje, kavu, zinangoja kuingizwa, na mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa mlima, lakini mgeni alikuwa ameanza kupata rangi na hapakuwa na mtu aliyetaka kumwacha. Mvua ikazinyeshea zote. Oddný akachungulia dirishani, akatazama jinsi nyasi zake zinavyolowa.

"Kesho tutazianika tena," akasema, akaenda kuongeza maji kwenye birika.